Chuma cheusi ndicho kinachounguza

Nyuma ya gereji moja Unga Limited, hapa Arusha, yuko mhunzi ninayemfahamu tangu enzi zangu za kufundisha fizikia. Kazi yake ni kutengeneza sime na visu vya wafugaji kwa springi za Land Rover zilizokatika. Jumamosi iliyopita nilimkuta na kijana mpya, wiki ya pili kazini, kiganja cha kulia kimefungwa kitambaa. Sikuhitaji kuuliza. Kila anayekuja kujifunza pale huungua mara moja, na wote huungua kwa namna ileile. Hakuna anayeshika chuma chekundu, maana chekundu hata mtoto anakiogopa. Wanashika kile kilichokwisha rudi kuwa cheusi.

"Huyu nilimwambia, mwalimu," mzee akasema bila kuinua macho. "Chekundu kinakuonya. Cheusi kinakunyamazia."

Yeye mwenyewe hakipimi chuma kwa macho. Hukisogelea kwa mgongo wa mkono, polepole, kama mtu anayetaka kujua kama mtoto ana homa, na kikibaki kimo cha shubiri anasimama. Hapo ameshajua kama kinashikika.

Nilikuwa na simu mfukoni yenye kichwa cha habari kilichonikera tangu asubuhi: shimo jeusi lameza nyota. Habari yenyewe ilihusu darubini za infraredi, na kwa jinsi ilivyoandikwa ungedhani infraredi ni rangi fulani ya ajabu ya huko angani. Mzee wa Unga Limited anaitumia kila siku. Chuma kikiwa chini ya takriban nyuzi 525 za Sentigredi hakitoi tena mwekundu wa kuonekana kwa jicho, ila hakijaacha kung'aa. Kinang'aa kwa mwanga ambao jicho halina habari nao na ngozi inao. Mwanga huo ulikuwepo muda wote; mtu wa kwanza kuuonyesha kwa kipimo alikuwa William Herschel, mwaka 1800, alipopitisha mwanga wa Jua kwenye prizimu, akaweka kipimajoto pembeni ya nyekundu, mahali palipoonekana pana giza, na zebaki ikapanda.

Nianze na neno "lameza", kwa sababu linaharibu hesabu yote inayofuata.

Mimi nimekulia Pangani, na watu wa pwani hawana haja ya kufundishwa nguvu inayorarua nyota. Ni ileile inayoleta maji kujaa na kupwa. Mwezi unauvuta upande wa dunia ulio karibu nao kwa nguvu zaidi kuliko unavyouvuta upande wa mbali, na tofauti hiyo ndiyo inayoinyoosha bahari. Jua na Mwezi vikikaa mstari mmoja tunapata bamvua. Sasa badala ya Mwezi weka shimo jeusi lenye uzito wa majua milioni moja, na badala ya bahari weka nyota kama Jua letu. Nyota ikilisogelea hadi umbali wa kilomita milioni 70 hivi, yaani karibu nusu ya umbali wetu na Jua, tofauti ya mvuto kati ya uso wake na kisogo chake inazidi nguvu inayoishikilia nyota isisambaratike. Inanyooshwa, inakuwa utepe wa gesi. Ukingo wa shimo lenyewe, ule ambao chochote kikiuvuka, hata nuru, hakirudi tena, bado uko mbali: kilomita milioni 3 tu kutoka katikati.

Kwa hiyo nyota hiyo haijamezwa. Imeraruliwa. Wazo kwamba mashimo meusi yanaweza kurarua nyota liliwekwa mezani na Jack Hills mwaka 1975, na mwaka 1988 Martin Rees akaonyesha kwamba kama nusu ya mabaki hurushwa nje na kwenda zake. Nusu nyingine ndiyo inayorudi, inajizungusha, inasuguana, na kuwaka kwa miezi au miaka. Na jambo ambalo wanafunzi wangu hawakuwahi kulikubali mara moja ni kwamba shimo likizidi sana ukubwa, likafika kama majua milioni 100 na kuendelea, bamvua yake hulegea pale ukingoni. Nyota kama Jua huingia nzima bila mwako wowote. Hiyo ndiyo ya kumezwa, na hiyo ndiyo hatuioni. Tunachokiona ni mraruo. Nitaliita hivyo, mraruo, mpaka wenye kamusi watupe neno jingine.

Ukishakubali kwamba ni mraruo, swali linalofuata ni la kawaida kabisa: inatokea mara ngapi? Nadharia ilitoa jibu kwamba katika galaksi moja itokee mara moja kwa kila miaka elfu 10 hadi laki moja. Darubini za eksirei zikaanza kunasa matukio hayo miaka ya 1990, za mwanga wa kawaida zikafuata, na orodha ikakua taratibu hadi kama mia moja. Lakini hesabu ilikuwa inaangukia upande wa uchache. Halafu kulikuwa na kichekesho kingine. Miraruo ilionekana kupenda aina moja ya galaksi kupita kiasi: zile zilizowahi kuzaa nyota kwa fujo, kisha zikatulia. Galaksi zinazozaa nyota hadi leo, zenye nyota nyingi na vumbi jingi katikati, zilikuwa karibu hazimo.

Watu waliandika maelezo mengi ya kwa nini galaksi zile zilizotulia ziwe na bahati mbaya hivyo. Mengine ni mazuri na huenda yana ukweli wake. Ila mimi nilipoiona orodha ile mara ya kwanza nilifikiria harusi. Ukitaka kujua Arusha ina harusi ngapi Jumamosi moja, ukazunguka kumbi za Njiro tu, utarudi na hitimisho kwamba wanaooa ni watu wenye magari. Waliooa Ngaramtoni chini ya maturubai hukuwafikia, na hukuwafikia kwa sababu ya barabara.

Vumbi la galaksi hufanya kazi ya barabara hiyo. Ni chembe ndogo kama za moshi, nyingi zikiwa za silika na kaboni, na zinameza kwa raha mwanga wa kuonekana, wa zambarauzaidi na hata eksirei laini. Hapa "kumeza" ndipo mahali pake. Lakini chembe ikimeza mwanga inapata joto, na chenye joto lazima king'ae. Iliyo karibu mno inayeyuka na kuwa mvuke. Iliyo mbali kidogo inapashwa hadi nyuzi mia kadhaa au elfu na ushei, na inarudisha ilichokula kwa infraredi. Anayetazama kwa jicho la kawaida anaona galaksi imetulia. Anayesogeza mgongo wa mkono anaungua.

Kisa kinachonifurahisha kuliko vyote katika habari hii ni cha Arp 299, na hakuna mwandishi wa kubuni ambaye angekipanga vizuri zaidi. Hizo ni galaksi mbili zinazogongana, umbali wa karibu miaka milioni 150 ya nuru. Mwanga tunaoupokea leo uliondoka huko wakati mijusi mikubwa ya Tendaguru, kule Lindi, ilipokuwa bado inakula majani. Ziko upande wa Dubu Mkubwa, kundinyota ambalo kwetu Arusha hukaa kaskazini, juu ya Mlima Meru, kama saa nne na nusu usiku katikati ya Aprili. Yaani katikati ya masika, wakati Meru wenyewe hatuuoni.

Januari 30, 2005, darubini iliyoko visiwa vya Canary, inayoitwa, ndiyo, William Herschel, ilinasa nukta ya infraredi iliyowaka ndani ya moja ya galaksi hizo. Watafiti walikuwa wanasaka supanova, yaani milipuko ya nyota zinazokufa, zilizofichwa na vumbi, na Arp 299 ni kiwanda cha supanova, kwa hiyo wakaandika walichotarajia: pengine supanova. Kwa mwanga wa kawaida hapakuwa na kitu cha maana. Kwa eksirei hapakuwa na kitu. Infraredi ikaendelea kuwaka, mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka, na supanova hazina tabia hiyo. Wakati huohuo darubini za redio, zilizounganishwa kutoka pande mbalimbali za dunia zifanye kazi kama moja, zilikuwa zinaifuatilia nukta hiyohiyo. Kufika 2011 zikaona inarefuka upande mmoja. Supanova hupanuka pande zote kama maandazi kwenye mafuta. Hiki kilikuwa mchirizi, kinakimbia kwa kama robo ya mwendo wa nuru.

Ilichukua hadi 2018 kwa Seppo Mattila wa Finland, Miguel Pérez-Torres wa Hispania na wenzao kuchapisha hukumu: shimo jeusi la majua milioni 20 lilirarua nyota yenye uzito zaidi ya mara mbili ya Jua letu. Miaka 13. Na kiasi cha nishati iliyotoka kwa infraredi na redio peke yake ni zaidi ya mara kumi ya mwanga wote ambao Jua litakuwa limetoa katika uhai wake wa miaka bilioni 10. Nirudie: zaidi ya mara kumi ya uhai mzima wa Jua, ndani ya miaka kama kumi, na kwa mwanga wa macho palikuwa kimya. Chuma cheusi.

Kuna fumbo la zamani hapa ambalo wengi wanaoandika habari hizi hulipita. Nusu ya nyota ikirudi shimoni, hesabu inasema itoe nishati kubwa sana. Miraruo iliyoonekana kwa mwanga wa kawaida ilikuwa inaonyesha asilimia chache tu ya hiyo. Nyingine ilikwenda wapi? Sisemi vumbi limejibu yote, maana sehemu huenda inatoka kwa mwanga wa zambarauzaidi ambao gesi za njiani huufyonza kabla haujatufikia, na sehemu huenda inaingia shimoni bila kuaga. Lakini Arp 299 ilikuwa mara ya kwanza ya mtu kufungua sanduku na kukuta fedha nyingi hivyo ndani.

Tatizo la Arp 299 ni kwamba ilipatikana kwa bahati, watu wakiwa wanatafuta kitu kingine mahali palepale. Ili uhesabu miraruo iliyofichwa unahitaji kifaa kinachoipapasa anga yote, tena na tena, bila kuchagua. Kifaa hicho kilikuwepo na hakuna aliyekitengeneza kwa kazi hiyo. Satelaiti ya Marekani iitwayo WISE ilirushwa Desemba 2009 ikiwa na kioo cha sentimita 40, kidogo kuliko sinia la pilau la msibani. Gesi yake ya kupoozea ikaisha mwaka uliofuata, mwaka 2011 ikalazwa usingizi, na mwishoni mwa 2013 ikaamshwa itafute asteroidi zinazopita karibu na dunia. Ilibakiwa na macho mawili, moja la mawimbi ya infraredi yenye urefu wa mikromita 3.4 na jingine la 4.6.

Nilipiga hesabu ya haraka nyuma ya risiti, pale pale kwa mhunzi, kwa kanuni ambayo kila mwanafunzi wa fizikia anaijua. Jicho la 3.4 ni kali zaidi kwa kitu chenye joto la kama nyuzi 580. La 4.6, kama nyuzi 357. Yaani satelaiti ile ilikuwa na macho mawili yaliyokaa pembeni kabisa mwa pale chuma kinapotoka kuwa chekundu na kuwa cheusi. Nilimwonyesha mzee. Aliitazama risiti, akaniuliza kama naihitaji, akaifanya ya kuwashia moto.

WISE ilipita anga lote kila miezi sita. Kwa kazi nyingine huo ni uvivu. Kwa vumbi unafaa kabisa. Chembe zinazopashwa ziko mbali na shimo kiasi kwamba mwanga wa mraruo unachukua wiki, miezi, hata mwaka kuzifikia, na za upande wa nyuma zinachelewa kuliko za mbele. Unachokipokea ni mwangwi wa joto, unaopanda polepole na kushuka polepole zaidi. Mwaka 2016 makundi mawili ya watafiti, kila moja kivyake, yalirudi kwenye kumbukumbu za satelaiti hiyo, yakatazama mahali ambapo miraruo ilikuwa imeshaonekana kwa mwanga wa kawaida, na mwangwi ukawa upo. Hapo ilikuwa bado ni kuthibitisha kinachojulikana. Hatua ngumu ilikuwa kuufuata mwangwi mahali ambapo hakuna aliyeisikia sauti.

Mwaka 2023 Christos Panagiotou na wenzake wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walitoa mmoja wa namna hiyo: galaksi NGC 7392, miaka milioni 137 ya nuru, mraruo wa karibu kuliko wowote uliokuwa umejulikana hadi siku hiyo, uliowaka kuanzia mwisho wa 2014. Ulikuwa umekaa kwenye kumbukumbu miaka minane. Galaksi yenyewe ni ya aina ile isiyokuwamo kwenye orodha, yenye vumbi na inayozaa nyota. Januari 2024 Megan Masterson, wa hukohuko, akaleta wengine 18, na orodha ya miraruo ya ujirani wetu ikawa zaidi ya mara mbili ya ilivyokuwa. Ukiziingiza hizo kwenye hesabu unapata takriban mraruo mmoja kwa galaksi kila miaka elfu 50, na kichekesho cha galaksi zenye bahati mbaya kinapungua makali. Hazikuwa na bahati mbaya kiasi kile. Zilikuwa kwenye lami.

Hapa mwenye mashaka ana haki ya kuinua mkono, na mimi ningeinua naye. Mwako wa infraredi katikati ya galaksi unaweza kuwa mambo matatu. Unaweza kuwa mraruo. Unaweza kuwa supanova iliyozama kwenye vumbi. Au unaweza kuwa shimo jeusi ambalo siku zote linakula gesi, na siku hiyo likaongeza tonge. Watafiti waliwachuja kwa tabia: wakataka mwako wa mara moja, unaopanda na kushuka bila kuyumbayumba, katikati hasa ya galaksi, na galaksi iwe ilikuwa kimya kabla. Ni mchujo mzuri ila ni mchujo, na kwa muda wale 18 nilikuwa nawaita wagombea, si washindi.

Ndiyo maana kazi iliyotoka mwaka 2025 imenisogeza. Masterson na wenzake walichukua wanne kati ya miraruo ya vumbi na kuwaweka mbele ya darubini ya James Webb, ile iliyorushwa siku ya Krismasi 2021 na kukaa kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, kifaa chake cha infraredi kikiwa kimepozwa hadi nyuzi chache tu juu ya sufuri halisi. Darubini hiyo huupasua mwanga vipande vipande na kusoma kila kipande. Kwenye wote wanne kulikuwa na alama ya neoni iliyonyang'anywa elektroni nyingi, na ili neoni ivuliwe kiasi hicho unahitaji mwanga mkali wa aina inayotoka kwa shimo jeusi linalokula. Nyota changa haziwezi. Halafu vumbi. Shimo linalokula kila siku huwa limejengewa pete nene ya vumbi kuzunguka meza yake, na pete hiyo ina sura yake kwenye infraredi. Hapa sura haikuwa hiyo. Vumbi lilikuwepo, ila ni la galaksi yenyewe, lililokutwa likiwa limekaa. Kwa maneno mengine, shimo lilikuwa limelala, likaletewa nyota, likaamka.

Alama ya silika waliyoisoma kwenye vumbi hilo inakaa karibu na mikromita 10. Nalitaja kwa sababu silika si kitu cha huko tu. Mchanga wa mto Themi ni silika. Tanzanaiti ya Mererani ni silika ya kalsiamu na alumini, na nyingi hutoka ardhini ikiwa ya kahawia, mpaka ipashwe moto kwenye tanuri ndipo inageuka buluu tunayoiuzia dunia. Sisemi kuna tanzanaiti kwenye NGC 7392. Nasema kwamba mji huu umekula kwa miaka mingi kutokana na mawe ya silika yaliyopashwa joto, kwa hiyo asituambie mtu kwamba habari hii ni ya watu wengine.

Na kumbukumbu za WISE, kwa anayependa kujua, ziko wazi kwenye intaneti, bure. Kijana mwenye kompyuta ya mkononi na bando la kutosha, akiwa Tengeru au Sakina, anafungua data zilezile walizofungua MIT. Kilichofungwa ni satelaiti. Ilizimwa Agosti 2024 na Novemba mwaka huohuo ikaanguka na kuungua hewani. Webb ni kali mno kuliko ile, lakini hutazama kipande kidogo cha anga kwa wakati, ikielekezwa pale watu walipokwisha jua pana jambo. Kwa maoni yangu, kuacha pengo kwenye upapasaji wa anga zima ni hasara kubwa kuliko inavyosemwa. Tangu siku ile satelaiti ilipozimwa hadi Mei 2025, satelaiti nyingine ya Marekani iitwayo SPHEREx ilipoanza kuipapasa anga yote kila miezi sita, miraruo iliyowaka nyuma ya vumbi haikuwa na wa kuirekodi hivyo.

Kijana mwenye kitambaa alikuwa anasikiliza muda wote huo akijifanya anapanga mkaa. Mwishowe akauliza la maana: na letu je? Nikamwambia letu lipo, katikati ya Njia Nyeupe, uzito wa majua milioni 4, umbali wa miaka elfu 26 ya nuru na ushei. Mwezi wa Agosti, karibu na saa tatu usiku, ukisimama hapa Unga Limited na umeme ukiwa umekatika, litakuwa juu upande wa kusini, kwenye kundinyota la Mshale. Tunalijua kwa infraredi. Ndivyo Andrea Ghez na Reinhard Genzel walivyofuatilia nyota zinazolizunguka hadi wakapata Nobeli mwaka 2020. Kwa mwanga wa macho, vumbi lililo kati yetu na pale linapitisha kama sehemu moja kwa kila trilioni.

"Kwa hiyo likirarua nyota kesho?"

Nilishapiga hesabu hiyo zamani. Mwako ambao bila vumbi ungeshinda Zuhura kwa mng'ao, ungefika hapa ukiwa hafifu kiasi kwamba hata darubini nzuri ya uani isingeuona.

"Yaani itokee, sisi tumelala."

"Hata tukiwa macho," nikamwambia, na mzee akamwita alete koleo.